Pigo la Ubeti wa Pili

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya mlinzi wa benki wakati redio ilipotangaza wapiga dramu wa roki wanaopendwa zaidi tangu miaka ya tisini. Wasikilizaji walikuwa wamepiga kura wiki nzima. Wa kwanza alikuwa Radi.

"Sikilizeni ubeti wa pili," mtangazaji alisema. "Radi anaruka pigo moja. Kimya kile jamani! Nani mwingine angethubutu?"

Fundi alikata uzi kwa meno. Pigo lile hakuliruka Radi. Alilikosa yeye fundi, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi hiyo, mwaka tisini na nne, akiwa na mimba ya miezi saba, mtoto alipompiga teke la mbavu katikati ya kurekodi. Meneja wa bendi alisema kanda zimekwisha, liachwe hivyo hivyo. Kisha akasema tumbo litaharibu picha ya jalada, akamkalisha mpwa wake Radi nyuma ya dramu, na jina likaandikwa la Radi. Radi alijifunza wimbo kwa kusikiliza kanda, na kosa la fundi humo humo. Tangu hapo wapiga dramu wamekuwa wakiliiga teke la mtoto wa watu na kuliita ufundi.

Mtangazaji akaweka wimbo. Gitaa likaingia, mwimbaji akaingia, dramu hazikuingia. Zilikuwa zimekuja dukani. Zilipita mlangoni kwa foleni, ile kubwa ya mguu mbele, ndogo katikati, matoazi nyuma yakijibana yasigonge kioo.

"Angalieni, mnakanyaga vitambaa vya watu," fundi alisema.

Binti yake, aliyekuwa akishona vifungo, alisogeza kiti kuzipisha. "Mama, ndizo hizi?"

"Ndizo. Miaka thelathini, hata haya hazina."

Binti akapiga simu redioni. "Dramu za wimbo wenu ziko huku kwetu."

"Afadhali," mtangazaji alisema. "Tulidhani zimeibwa."

"Ziliibwa. Sasa zimerudi kwa mwenyewe, mama yangu. Mtaje jina lake."

"Una ushahidi, dada?"

"Lile teke ni langu."

Mtangazaji alisikika akipekua karatasi. "Nakuamini. Lakini tuzo imeshachongwa jina."

Saa saba meneja alifika na gari la mizigo, Radi nyuma yake.

"Shikamoo, dada," Radi alisema, macho sakafuni.

"Sikuitikii. Kaa upige."

Radi alikaa, akapiga. Vijiti vilishuka juu ya ngozi kama vinashuka juu ya pamba. Alipiga mpaka jasho likamtoka, na kilichosikika ni pumzi zake tu.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," fundi alisema. "Wewe imekukaa miaka thelathini. Inuka."

Alivua kidole cha chuma cha kushonea, akaketi. Redio ilikuwa ikiurudia wimbo. Alipiga kwa hasira yote aliyokuwa ameishona kwenye sare za watu, na dramu zikasikika katika kila redio mtaani. Alipofika ubeti wa pili, pale palipokuwa kimya, alipiga. Kioo cha duka kikapasuka.

Meneja alitazama saa. "Umeuharibu," alisema. "Watu wanakipenda kile kimya."

Alisema kweli. Simu za malalamiko zilijaa redioni hadi jioni, na Radi akapewa tuzo yake.

Dramu hazikuondoka. Wateja hutundika makoti juu ya matoazi. Kila wimbo ule ukichezwa, fundi huacha cherehani na kuupiga, na kwenye ubeti wa pili hulipiga lile pigo kwa nguvu kuliko yote. Redioni wameajiri mtu kwa kazi moja tu. Hulikata pigo hilo kabla halijafika hewani.