Fundo Mojamoja

"Basi usimtaje tena," Mkunga alisema. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, mwingine mapajani mwa Kipaza, aliyekuwa akimtumbua malengelenge kwa sindano iliyopitishwa motoni. "Nimekuja kupumzika, sikuja kusutwa."

"Nani kakusuta? Nimeuliza tu." Kipaza hakuinua kichwa. "Mtu katembea siku ishirini na mbili kwenda mlimani kumwomba Mungu amrudishie binti yake. Binti yuko mitaa mitatu kutoka hapa, na mtu anasema basi lake linaondoka saa kumi na moja. Unataka Mungu afanye nini tena, ambebe mgongoni akuletee?"

"Wewe tumbua."

Wawili hao na mwenye nyumba waliwahi kulala chumba kimoja chuo cha uuguzi, na majina ya utani waliyopeana huko hayakuwatoka. Kipaza aliitwa hivyo kwa sababu siri yake ilisikika bweni zima. Darubini, mwenye nyumba, aliishia maabara. Mkunga alipokea watoto wa watu kwa miaka thelathini, ila wake mmoja alimshinda. Miaka miwili iliyopita binti huyo aliacha chuo hichohicho akiwa mwaka wa pili, akawa fundi viatu. Mkunga alimwambia asikanyage mlangoni kwake mpaka akili zimrudie. Binti alikuwa mtiifu. Hakukanyaga.

Darubini alitoka jikoni na mfuko wa taka, akaviinua viatu vya hija kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Hivi vinaenda pipani. Nyumba nzima inanuka safari."

"Viache," Mkunga alisema. "Kati yetu tulioondoka pamoja, sita walinunua viatu vingine njiani. Mmoja alifika na kandambili. Mimi hata uzi haukukatika. Zawadi yako hiyo, halafu unaitupa?"

Darubini alisimama na mfuko wake.

"Na nilikulipa," Mkunga aliendelea. "Alfajiri, kabla ya hatua ya kwanza, kila hujaji hugusa viatu vyake akamtaja aliyemvisha. Siku ishirini na mbili nimekutaja wewe. Jua, mvua, nimekutaja."

"Mungu wangu," Darubini alisema, akaketi.

"Mwonyeshe," Kipaza alisema. "Mwonyeshe, mdomo wangu unawasha."

Darubini alikipakata kiatu cha kulia, akaingiza vidole na kuing'oa soli laini ya ndani iliyokuwa imeshikana na jasho. Kisha akakiinamisha kuelekea dirishani.

Mkunga alitazama. Kuzunguka ukingo wote, uzi wa nta ulikuwa umeingia na kutoka, na kila pigo lilikuwa na fundo lake. Fundi viatu hushona mfululizo, uzi mmoja mwanzo mpaka mwisho, kazi iishe mteja aondoke. Aliyeshona hapa alishona kama anayemshona mama aliyechanika wakati wa kujifungua: pigo moja, fundo, kata, pigo moja, fundo, kata. Moja likiachia, mengine yanashika. Mkunga alimfundisha mtu mmoja tu mshono ule nje ya wodi, msichana wa miaka kumi na mbili, kwenye meza ya jikoni, juu ya kipande cha mfuko wa zamani.

"Lini?" aliuliza.

"Uliponiambia unakwenda, nilimwambia. Vilimchukua siku nne. Alisema ukijua ni yeye utavaa vya dukani hata vikuue."

"Ningevaa kweli." Mkunga alipitisha kidole gumba juu ya mafundo, polepole, kama anayepapasa mshono wa mgonjwa. Kidole kilifika kisigino kikarudi. "Kwa hiyo nimemwombea mtu asiye yeye."

"Hata mimi nilishangaa wiki hizi mambo yananinyookea," Darubini alisema.

Kipaza alicheka peke yake. Mkunga alifuta uso kwa taulo la miguu bila kujua, na hakuna aliyemwambia.

"Maneno niliyomwambia hayamezeki," alisema. "Nikienda akaninyamazia?"

"Utakuwa umenyamaziwa," Kipaza alisema. "Umetembea siku zote hizo, unaogopa mitaa mitatu?"

Mkunga alitoa mguu majini. Alivaa kandambili za Darubini, akavichukua viatu vyake mkononi, akashuka ngazi akichechemea, wenzake nyuma wakibishana nani amefunga mlango.

Kibanda kilikuwa ubavuni mwa posta. Binti aliinamia kiatu cha mtu, misumari midogo ikiwa midomoni. Aliona kwanza zile kandambili, kisha miguu iliyovimba, kisha akainua uso. Alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa.

Mkunga aliweka viatu mezani.

"Kisigino cha kulia kimelika," alisema.

Binti alikigeuza, akakitazama muda mrefu kuliko kisigino kilivyohitaji. "Unavuta mguu, Mama. Ni ile nyonga yako."

"Ndiyo." Mkunga alimwonyesha Darubini kwa kidole gumba. "Kila alfajiri tulitaja aliyetuvisha. Nilimtaja huyu hapa nyuma. Nilikosea. Na si hilo tu nililokosea."

Midomo ya binti ilikaza kana kwamba bado imebana misumari.

"Vitakuwa tayari kesho mchana," alisema mwishowe. "Sitaki kulipua kazi."

"Usilipue."

Mkunga alitoa tiketi ya basi kwenye sidiria, akampa Kipaza bila kugeuka. "Kaibadilishe. Sina viatu." Kisha akaivuta stuli ya wateja, akaketi, akanyoosha miguu yake mibovu katikati ya kibanda, na binti akaanza kukata ngozi ya kisigino.