Panda Tena, Shemeji

Asubuhi ya Jumapili ya fainali ya wapanda fahali Jurandir alimkuta mkewe jikoni ananyoosha shati. Shati jekundu, vifungo vinang'aa kama meno mapya, na halikuwa lake.

"La nani hilo?" aliuliza, na jibu alikuwa nalo.

"La Claudinei. Lako liko kitandani, nimeshalinyoosha."

"Ulianza na la nani?"

Lucimara akaisimamisha pasi. "Jura, una miaka thelathini na sita. Kunywa kahawa yako."

Akanywa. Ilikuwa chungu, na sukari alikuwa ametia vijiko vitatu.

Watu husema wivu ni ugonjwa wa wanawake. Waongo wakubwa! Mwanamke akiona wivu atamwita shoga yake, watasengenya mpaka jua lizame, atalala. Mwanamume hana wa kumwambia. Anaumeza tu, na ule haumeng'enyeki. Jurandir alikuwa anaumeza wake mwaka wa tatu sasa, na aliyemtia wivu alikuwa analala chumba cha pili, anakula meza moja naye, na kila asubuhi anamwambia, "Shikamoo, shem."

Claudinei alikuwa mdogo wake Lucimara. Alikuja kwao ana miaka kumi na tano, baba yao alipofariki, na Jurandir ndiye aliyemfundisha kazi. Alitundika pipa kwa kamba nne uani, akamkalisha juu yake, akalitikisa mpaka kijana akajua kukaa. Akamwonyesha namna ya kusugua kamba kwa ulimbo mpaka ishike glavu. Akamfundisha kuanguka, maana mpanda fahali asiyejua kuanguka hafiki mbali. Leo kijana ana miaka ishirini na miwili, sura yake imechapwa kwenye fulana za wasichana, na wiki ijayo anapanda ndege kwenda Texas na mkataba mkononi. Simu ile kutoka Texas Jurandir aliisubiri miaka kumi na minne. Ilipolia, ililia nyumbani kwake kweli, akaipokea yeye mwenyewe, na sauti ikasema: "Tunamtafuta Claudinei."

Ndiyo maana nasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Si kwamba Jurandir alikuwa mtu hivi hivi. Miaka ishirini alipanda mafahali kuanzia jimbo la Goiás mpaka la Paraná. Alivunjika mitulinga yote miwili, mbavu tatu, na kwenye kiwiko ana bamba la chuma linalomwambia mvua inakuja. Alishinda pikipiki mbili na jiko la gesi. Lakini kwenye tamasha la kwao, Água Limpa, mbele ya watu waliomwona akikua, alishika nafasi ya pili mara nne. Mara nne! Mpaka wakambandika jina, Makamu. Akipita mbele ya duka la mikate utasikia: "Makamu, mheshimiwa rais hajambo?" Anacheka nao, kisha anafika nyumbani anapiga teke ndoo.

Alishatangaza kwamba huu ni mwaka wake wa mwisho. Alitaka kitu kimoja tu: lile bizimu la fedha la kufungia mshipi wanalopewa mabingwa wa Água Limpa. Alivae mara moja, walione, aache kazi.

Hata binti yake wa miaka tisa hakumsaidia. Shuleni waliambiwa wachore shujaa wa nyumbani. Akachora mpanda fahali, akapaka rangi vizuri, na mpanda fahali yule alikuwa na nywele nyingi za kujikunja. Jurandir ana upara tangu harusi.

Alasiri uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya malori. Wapandaji kumi walipiga magoti mchangani, kofia vifuani, mtangazaji akawaombea kwa Mama Bikira wa Aparecida kwa ile sauti yake ya kuliza wajane. Claudinei, aliyepiga magoti kando ya Jurandir, akamnong'oneza, "Shem, leo ni yako. Naiona."

"Omba, acha maneno," Jurandir akasema.

Na kweli, alipanda vizuri kuliko alivyopanda miaka mitano yote iliyopita. Fahali wake, mweusi mwenye nundu kubwa, alimrusha kulia, akamrusha kushoto, kengele iliyofungwa tumboni mwa mnyama ikalia kama ng'ombe wote wa jimbo wametoroka, na Jurandir yupo tu, mkono mmoja kambani, mwingine hewani. Sekunde nane ambazo mpandaji lazima akae zikaisha. Pointi themanini na sita! Watu wakasimama. Jurandir akatafuta jukwaani, akamwona Lucimara ameinamisha kichwa, anaangalia magoti yake mwenyewe.

Hata kuniangalia hakuniangalia, akajisemea.

Wanane wakapita, hakuna aliyemfikia. Aliyemkaribia alipata themanini na tatu. Akabaki mmoja, Claudinei.

Sasa, ndani ya kizimba, kabla lango halijafunguliwa, mpanda fahali hajifungi mwenyewe. Anakaa juu ya mnyama, na mtu mwingine anasimama kwenye mbao anamvutia kamba mpaka ibane. Ikiwa legevu, unateleza. Ikibana mno, mkono unanaswa unaburutwa. Kwa hiyo humwachii mtu yeyote, unamwachia mtu unayemwamini. Tangu aanze kazi, Claudinei hakuwahi kuvutiwa kamba na mtu mwingine ila shemeji yake, na siku ile pia, huku wanashindana, ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyeshangaa. Huko kwao ndivyo ilivyo.

Lango likafunguliwa. Jamani, fahali gani yule! Alitoka kama ng'ombe anayepelekwa kukamuliwa. Akaruka mara mbili kwa kulazimishwa, kisha akakimbia moja kwa moja mpaka ukuta wa pili. Claudinei alimaliza sekunde nane akiwa hata kofia haijakaa upande. Lakini nusu ya pointi ni za fahali, na fahali mvivu hana cha kukupa. Sabini na tisa. Nafasi ya tatu, zawadi yake pikipiki.

Mwamuzi akainua kibendera. Kanuni ni kwamba fahali akimnyima mpandaji pointi kwa uvivu, mpandaji hupewa nafasi ya kupanda tena, fahali mwingine. Akikubali, pointi za kwanza zinafutwa, na akianguka anaondoka mikono mitupu. Akikataa, anabaki na alichopata. Na fahali wa akiba alishapigiwa kura tangu asubuhi, kila mtu alimjua. Mama Mkwe.

Uwanja mzima ukaguna. Jina hilo alipewa na mwenye mali, kwa sababu, alisema, huyu hakubali mkwe. Wapandaji thelathini na mmoja walishampanda, na thelathini na mmoja walikula mchanga. Wengi hawakufika sekunde ya tatu. Jurandir peke yake alifika ya tano, miaka miwili iliyopita, na kiwiko kikabaki pale.

Claudinei akaja mbio, akaning'inia kwenye mbao za kizimba, anahema. "Shem! Nifanyeje? Nibaki au nipande?"

"Dakika moja," mwamuzi akasema.

Msikilizaji, hebu simama hapa kidogo. Bizimu lilikuwa limeshakuwa la Jurandir. Angesema neno moja tu, "Baki," kijana angebaki, maana neno la shemeji kwake lilikuwa kama neno la padri. Mchezo ungekwisha. Makamu angekuwa rais. Mtu mwenye tamaa tu angesema hivyo, na tamaa ingemfikisha nyumbani salama.

Lakini wivu hautosheki na kushinda. Jurandir aliinua macho, akamwona Lucimara amesimama, mikono miwili kifuani, macho yamemganda mdogo wake. Huyo anaangaliwa! Na Jurandir akaona mbele yake jinsi itakavyokuwa jioni: yeye na bizimu lake, na watu wanasema, ah, bahati, kijana alipewa fahali mbovu. Wangesema hivyo mpaka kaburini kwake. Hapana. Alitaka amwone kijana kwenye mchanga. Amwone mara moja tu, kifudifudi, shati jekundu limejaa mavi ya ng'ombe, mbele ya wote, kabla hajapanda hiyo ndege yake.

"Panda tena, shemeji," akasema. "Yule unamweza."

Kijana akamtazama. Macho yakamjaa maji. "Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi ndiye ninayesema. Panda."

Wakampa dakika kumi avute pumzi. Kisha akashuka juu ya Mama Mkwe, fahali wa kijivu mwenye pembe moja iliyokatika, aliyetulia kizimbani kama mtu anayesubiri basi. Jurandir akashika kamba. Akavuta kama anavyovuta siku zote, ikabana sawasawa, si zaidi si pungufu. Mikono yake haikujua kudanganya. Ulimi ndio uliojua.

"Shem, huyu anakwendaje?"

"Anaanza kushoto. Lala naye kushoto, umng'ang'anie."

Kweli tupu, na kila mtu aliijua. Alichokijua Jurandir peke yake kati ya wapandaji ni kwamba kwenye sekunde ya tano Mama Mkwe anainamisha kichwa, anashusha bega, na anageuka kulia ghafla. Aliyelala kushoto hana pa kushika. Hilo hakulisema.

"Mungu akubariki," Claudinei akasema, akatikisa kichwa lango lifunguliwe.

Moja, mbili. Kushoto. Fahali anazunguka kama anachimba kisima. Tatu, nne. Jurandir alikuwa ameshika mbao kwa nguvu na alikuwa akinong'ona, na alichokuwa akinong'ona ni "Anguka, anguka, anguka." Alijisikia mwenyewe. Hakunyamaza.

Tano. Kichwa kikainama.

Claudinei akang'oka. Wote walimwona amening'inia hewani upande wa kushoto, mguu mmoja umeshafunguka, amebaki na ngumi moja tu kambani. Wanawake wakapiga kelele. Na Jurandir, Mungu wangu, alifurahi! Tumbo zima lilijaa furaha, kama mtu aliyekunywa kitu cha moto. Kisha kijana akautupa ule mkono wa hewani kuvuka kichwa chake mwenyewe, kiuno kikaufuata, akarudi katikati ya mgongo wa fahali. Vile vile alivyofundishwa juu ya pipa, mtikiso kwa mtikiso. Sita. Saba. Honi ikalia.

Pointi tisini na moja.

Mtaka yote hukosa yote, wazee walishamaliza. Jurandir alishuka mbaoni, amekuwa wa pili kwa mara ya tano, na safari hii alijiweka mwenyewe.

Uwanja ulikuwa umechanganyikiwa. Mtangazaji alilia waziwazi, akamvisha Claudinei bizimu, akampa kipaza sauti.

"Ndugu zangu, ngojeni. Ngojeni kwanza! Mnajua nani alikuwa anaongoza? Shemeji yangu. Bizimu hili lilikuwa lake. Nikamuuliza, nibaki au nipande? Angesema baki, ningebaki. Akaniambia panda, unamweza." Akavuta kamasi. "Semeni nyie, mtu gani hufanya hivyo? Baba yangu alikufa, mimi nikapata baba."

Wakasimama. Watu elfu nane, kofia zikavuliwa. Hata wale wa duka la mikate.

"Ila shem!" Claudinei akaongeza, na sasa alikuwa anacheka huku analia. "Mbona hukuniambia kama anageuka kulia? Nusura uniue, bwana!"

Uwanja ukaangua kicheko. Jurandir naye akacheka, au mdomo wake ulifanya hivyo.

Lucimara hakucheka. Alikuwa ameshashuka jukwaani, amepita langoni, watu wanampisha. Alimkumbatia mdogo wake kwanza. Jurandir aliliona hilo pia, wivu hauchoki. Kisha akamjia mumewe, akamkumbatia shingoni kwa nguvu, na watu wakasema "Oooh!" na kupiga makofi zaidi. Mdomo wa Lucimara ulikuwa sikioni mwa mumewe.

"Ulijua anageuka."

Jurandir akaangalia mchanga juu ya bega lake.

"Miaka miwili unanisimulia, Jura. Nakukanda kiwiko, unanisimulia. Sekunde ya tano, kichwa chini, bega, kulia. Mimi mwenyewe ningeweza kumpanda."

"Luci, mimi..."

"Usiseme. Wala yeye usimwambie. Siku yoyote, hata ukiwa unakata roho. Aende zake huko akijua ana mtu nyumbani." Akamwachia. Akamfuta vumbi shavuni kwa kidole gumba, polepole, anatabasamu kwa ajili ya watu, na macho yake hayakuwa na kitu chochote ndani. "Haya, vua kofia. Wamesimama kwa ajili yako."

Akavua.