Mpaka Gundi Ikauke

Roland Verschelde hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa baiskeli za mashindano hapa mjini kwetu Deinze, na waliomzoea walijua kwamba ukimpelekea gurudumu Jumatatu, usimuulize habari zake kabla ya Ijumaa. Ukiuliza mapema, analirudisha mwisho wa foleni. Kwa hiyo hata mkewe, alipomwambia asubuhi moja ya Jumatatu kwamba anataka kwenda kivukoni kwa baiskeli yake mara moja tena, alijua anamwomba nani.

Daktari alikwisha kusema. Moyo wa mkewe, Godelieve, umechoka, yamebaki majuma tu, na aamue mwenyewe anataka kuyatumiaje. Njia ya kivukoni ni tambarare, kilomita nne kando ya mto Leie, na ndiko walikochumbiana enzi zao. Lieve, maana ndivyo wote walivyomwita, alitaka kuketi kwenye benchi, ayatazame maji, arudi nyumbani. Hakuomba zaidi ya hapo.

Tatizo lilikuwa baiskeli yenyewe. Roland alimtengenezea mwaka waliooana, baiskeli ya mjini yenye madigadi na kikapu cha mkate, lakini kwa mbwembwe za ujana akaifungia rimu za mashindano. Rimu hizo hazikubali tairi la kawaida. Zinataka lile lililoshonwa na tyubu ikiwa ndani yake, linalobandikwa kwa gundi. Watu walimcheka kwamba mkewe anaendea mkate kwa magurudumu ya bingwa. Matairi yalipokwisha, miaka mitano iliyopita, Roland aliitundika bandani mpaka apate mengine ya hadhi yake, na Lieve akawa anakwenda dukani kwa miguu.

Safari hii Roland alikwenda kwa Joris, muuza baiskeli, siku hiyohiyo. Joris alimwekea mezani matairi ya pamba, mazuri tu, na utepe wenye gundi pande mbili. Ni kazi ya saa moja, alisema, na mama Lieve anaweza kutoka leo hii jioni. Roland aliubinya ule utepe kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Huu ni wa watu wasiojali," alisema. "Kule chini una nini?"

Joris alielewa. Huku kwetu tairi bora haliuzwi bichi. Linatundikwa gizani, chumba cha chini ya ardhi, miaka kadhaa, mpira ukomae. Alishuka akarudi na jozi ya hariri iliyokaa huko miaka saba, mbavu zake rangi ya kahawa ya maziwa. Roland aliipitisha shavuni. Bei hakuuliza.

"Mzee, ya hariri yanataka gundi ya kopo," Joris alisema. "Siku zake unazijua mwenyewe. Na mama anaumwa."

"Ndiyo maana anastahili mazuri."

Siku zake ni hizi: moja ya kuyanyoosha kwenye rimu kavu, moja kwa kila mpako wa gundi, na mipako ni mitatu, kisha moja ya kukaza. Jumatatu inakuwa Jumamosi. Ukikosea, tairi linachomoka kwenye kona na mwendeshaji anakula lami. Lakini mgonjwa anayekwenda kutazama mto hapigi kona kwa kasi, na hilo Roland hakulifikiria, au alilifikiria akalisukuma kando. Mimi nasema aliogopa kumaliza. Mikono ikiwa na kazi ya kesho, basi kesho lazima iwepo.

Jumanne ilinyesha, Jumatano ikanyesha. Alhamisi jua likatoka. Lieve alivaa viatu mwenyewe, kazi iliyomchukua robo saa nzima, akajikongoja mpaka mlangoni pa banda.

"Fundi, leo kuna jua."

"Mpako wa tatu bado. Jumamosi."

"Wametabiri mvua kuanzia kesho mpaka wiki ijayo. Niwekee huo utepe wa Joris."

"Lieve, siwezi kukupandisha juu ya utepe."

Lieve akasema, "Haya." Roland akamketisha juani mlangoni pa jikoni, akamfunika blanketi, akaenda kwa Joris kununua kopo jingine, kwa sababu la kwanza lilikuwa zito kidogo. Huko soga za gundi zikawanogea. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu na supu ya mboga imepoa mekoni. Aliita chumba hadi chumba, akatoka barabarani, akarudi, akaita tena.

Saa tisa alasiri jirani yao Hilde aliingia uani na baiskeli yake ya sanduku, ile yenye sanduku la mbao mbele anayopelekea mapacha wake shule. Ndani ya sanduku alikuwa Lieve, amejifunika blanketi hadi kidevuni, pua nyekundu kwa upepo, viatu vimejaa tope la mtoni. Alikuwa akitabasamu kama mtoto aliyeiba sukari.

Na Roland, Mungu amsamehe, aliyatazama matairi ya Hilde, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili: "Kwa matairi yale?"

Lieve alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi Hilde akamshika mgongo.

"Sikuyaangalia," alisema alipopata pumzi. "Yalizunguka, tukafika."

"Ungenisubiri."

"Nimekusubiri miaka mitano, mzee wangu. Sina mingine."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata Roland maini.

Ijumaa Lieve hakuweza kutoka kitandani. Jumamosi gundi ilikuwa imekauka sawasawa. Roland aliiingiza baiskeli chumbani, akainua gurudumu la mbele, akalizungusha karibu naye, na halikuyumba hata kidogo. Lieve alinyoosha vidole akaligusa likisimama. Akasema ni laini, akalala. Jumanne akafa.

Baada ya mazishi watu walikula mikate na kahawa kwenye ukumbi wa parokia, kisha kila mtu akashika njia yake. Hilde alileta blanketi, amekwisha kulifua. Roland alimuuliza siku ile mtoni walizungumza nini. Hilde akasema si mengi, walitazama bata. Halafu akaongeza.

"Kuna jambo moja. Sanduku langu lina viti viwili, vya watoto. Nilimwambia akae katikati, tusiegemee upande. Akakataa. Alijibana upande mmoja kwenda na kurudi, na mimi nahangaika na usukani."

"Kwa nini?"

"Alisema upande ule mwingine ni wa Roland, anamalizia kazi kidogo."

Roland alimshukuru, akalipokea blanketi, akaenda bandani akafunga mlango. Matairi yalikuwa yamelegea. Ya hariri ndivyo yalivyo, tyubu zake nyembamba zinavujisha upepo polepole, na ni lazima yajazwe kila siku hata kama hayaendi popote. Alilitupia lile blanketi begani. Kisha akachukua pampu, akajaza la mbele, akajaza la nyuma, akayabonyeza kwa kidole gumba. Kesho yake asubuhi akayajaza tena.