Shangazi Nakayiza Alinda Jina

Swali la daktari Akello lilikuwa moja tu: katika ukoo wenu, nani mwingine amewahi kuugua kama Ssebowa?

Shangazi Nakayiza alikuwa akilisubiri kwa hamu. Hakumsindikiza Ssebowa, mtoto wa kaka yake, hadi hospitali ya Masaka ili kumbembeleza. Alikuja kulinda jina.

"Andika hakuna," alisema.

Mwezi uliopita Ssebowa alikuwa hashikiki: alikesha siku tano, akang'oa mabati ya nyumba yake ili ajenge hoteli ya ghorofa. Sasa hata matoke hayamshuki, na waragi, ile pombe kali, ndiyo inayomwamsha na kumlaza. Alitaka kupona, jamani. Lakini dawa ilitegemea jibu. Ikikosewa, itamrudishia kichaa kile na kumpandisha tena juu ya paa.

"Hata babu yake, mama?" daktari aliuliza.

"Kibuule, baba yangu? Yule alikuwa dume! Alichimba visima vitatu wiki moja, hali, halali! Siku moja akaposa wanawake sita, mmoja mama mkwe wake!"

Daktari akaandika. "Halafu?"

"Halafu akapumzika. Miezi mitatu ndani ya blanketi. Wewe usingechoka?"

"Na pombe?"

"Ya kawaida tu. Mtungi mmoja asubuhi, wa kusafisha koo. Mnywaji hasa alikuwa kaka yangu Lwanyaga, baba wa huyu. Walikuwa wakimwalika matangani awachangamshe wafiwa! Lakini wagonjwa? Hatuna. We binti, mbona unajaza makaratasi?"

Ssebowa aliangua kicheko, cha kwanza tangu huzuni ilipomlaza kitandani.

"Mzee Kibuule alikufa kwa nini?" daktari aliuliza.

Shangazi alikaza mshipi wa gauni lake la gomesi.

"Malaria," Ssebowa alimsaidia. Ndivyo alivyofundishwa tangu utoto.

"Si malaria." Sauti ya shangazi ilikuwa ndogo. "Alijiua. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaambiwa niseme malaria, na nimeisema miaka hamsini."

Akamkamata Ssebowa mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Andika yote, binti yangu. Huyu sitaki kuja kumsemea malaria."