Viatu vya Mtakatifu Mwenye Ndevu

Mtakatifu wetu alikuwa na ndevu. Wageni wakicheka nawaacha wacheke, wakichoka watanyamaza. Kwenye ubao wa kale juu ya altare ya kikanisa chetu cha mlimani alichorwa amesulubiwa, kavaa taji na gauni refu jekundu, kifua cha mwanamke kabisa, na ndevu nyeusi zimeshuka mpaka shingoni mwa gauni. Mguu mmoja una kiatu cha dhahabu, wa pili mtupu. Chini yake mpiga fidla kapiga magoti, ameshika kiatu alichodondoshewa. Jina la mtakatifu ni Kümmernis, binti mfalme. Baba yake alitaka kumwoza mfalme mpagani. Binti akamwomba Mungu amharibu sura, akaamka na ndevu, na mchumba akatimua mbio. Baba akasema, kama unamtaka huyo Kristo wako, basi kufa kama yeye. Bonde zima linajua hayo, na mimi niliyekifagia kikanisa chake na kuutunza ufunguo nilijua kuliko wote.

Wanawake walimletea viatu. Mke ambaye nyumba imemshinda huchukua kiatu kimoja cha kushoto, akakiweka chini ya picha, akasema: Mama, vaa, shuka, uje kwangu. Basi. Mimi nakitia kwenye sanduku nyuma ya altare. Msiniulize kama aliwahi kushuka. Mke wa mwenye kinu alipata ujane, lakini ujane hata homa huuleta. Wanaume hawakuingia mle, walidai mwanamume akimkodolea macho mwanamke mwenye ndevu, zake zitapukutika. Kwamba kuna viatu walijua. Kila mmoja aliamini ni vya mke wa jirani.

Baada ya Pasaka akaja Padre Korbinian, kijana wa mjini, msomi. Siku ya kwanza kupanda kikanisani alinikuta na ufagio. Akasimama mbele ya picha.

"Mama Ottilia, huyu ni nani?"

"Mtakatifu Kümmernis, Padre. Vua kofia."

"Huyu ni Bwana wetu Yesu," akasema. "Zamani walimchora msalabani na kanzu ya kifalme. Watu wakasahau, wakaiona gauni. Kisha fundi mmoja mjinga akamwongezea kifua. Mama, hapakuwa na binti mfalme yeyote. Mmekuwa mkimwomba mtu ambaye hayupo."

"Na ndevu je?"

"Ndevu ni za mwanamume!"

"Basi Padre hujamwona dada yake Simpert mchoraji."

Hakucheka. Alinyoosha mkono nimpe ufunguo. Simpert ataitengeneza picha, akasema, irudi ilivyopaswa kuwa. Akaenda moja kwa moja nyuma ya altare, akafunua sanduku. Nani alimwambia? Sijui mpaka leo, na nikimjua tutaonana.

"Jumapili baada ya Misa nitavipanga kwenye ngazi za kanisa," akasema. "Kila mwenye chake achukue, na mchezo huu uishe. Dawa ya ushirikina ni mwanga."

Kijiji chetu hakifichi neno. Jua halijatua, Notburga, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa jikoni kwangu, midomo imempauka.

"Shangazi, changu kimo."

"Kipi?"

"Cha harusi. Alichonishonea yeye mwenyewe."

"Wewe mtoto! Viatu vyote ulivyo navyo, ukachukua hicho?"

"Vingine anavikagua. Hicho alishakisahau."

Mume wake ni Ruprecht, mshona viatu pekee tuliye naye. Hakuna mguu kijijini ambao hajawahi kuushika. Halewi, hatukani, sauti yake hutaisikia ng'ambo ya ukuta. Humpiga mkewe kwa lile gogo la umbo la mguu analoundia viatu, mahali ambapo nguo zinafunika, kisha anarudi kushona. Mara ya mwisho alimvunja mbavu kwa kosa la kumchekea mchuuzi wa riboni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndiye niliyezifunga mbavu zile. Akijua mkewe amemshtaki kwa Kümmernis, atamuua. Sisemi kwa kukisia.

"Nitakitoa," nikamwambia. "Hata kwa meno, mwanangu."

Asubuhi nikapanda kikanisani. Simpert alikuwa amekesha kazini, yuko juu ya ngazi, anakwangua kifua cha mtakatifu kwa kisu, vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi. Mpiga fidla alishageuzwa kuwa Yohane, na fidla imekuwa kitabu. Kiatu cha dhahabu kilikuwa kimefunikwa kwa rangi ya ngozi.

"Simpert, huna haya?"

"Ninayo, Ottilia. Mama yangu alilia hapa. Lakini nikikataa wataleta fundi mwingine, na huyo hatamwachia hata uso."

"Uso umeuacha?"

"Uso na ndevu. Ndevu Padre anazipenda."

Nikamtazama. Alikuwa yeye na hakuwa yeye. Nikajikuta nalia, mimi mtu mzima na ufagio wangu, nalia kama niliyeletewa habari ya msiba.

"Sanduku liko wapi?"

"Kwa Padre. Alilibeba mwenyewe, lina kufuli sasa."

Nikashuka mpaka kwa Padre. Sikuzungusha maneno, maana muda huo sikuwa nao.

"Padre, ukikitoa kile kiatu, Ruprecht atamuua mtoto wa kaka yangu."

"Ruprecht? Anayewatengenezea watoto maskini viatu bure?"

"Bure kwao. Mkewe ndiye anayelipa."

"Umemwona akimpiga?"

"Nimemfunga mbavu kwa mikono hii."

Niliona kabisa limemgusa, na nikaanza kutumaini, mjinga mimi. Kisha akajifuta paji la uso. "Nitazungumza naye baada ya Misa," akasema.

"Baada! Kuku ameshachinjwa ndipo umwambie mtu aweke kisu chini?"

"Mama Ottilia, nikikitoa kimoja kwa siri, nitakuwa nimeulinda uongo uleule ninaoung'oa. Mke mwema hana la kuogopa kwenye mwanga."

"Huo mwanga wako haujawahi kuolewa," nikasema, na akanifungulia mlango nitoke.

Jumapili viatu vilipangwa kwenye ngazi, safi, vimepanguswa. Watu walitoka kanisani wakasimama kuvizunguka. Wanawake walitazama chini. Hakuna aliyesogea, na mimi nikaanza kuwaza kwamba labda, labda itapita hivi hivi, Padre atachoka avitupe mtoni.

"Havina wenyewe?" Padre akauliza.

Hapo Ruprecht akajitokeza, kofia mkononi. "Padre ukiniruhusu. Hivi vyote vimepita mikononi mwangu."

"Ruprecht, viache!" nikapiga kelele. "Hivyo ni vya marehemu!"

"Marehemu gani, Shangazi? Soli hii nimeipiga juzi juzi tu."

Watu wakacheka. Akaokota kimoja kimoja, akakigeuza, akakitazama mshono, akaenda kukiweka mbele ya mwenyewe kwa adabu zote. Kwa Kreszenz, mke wa mwokaji. Kwa mke wa mwenye hoteli. Kila alipoinama, mume mmoja aliacha kucheka. Kikabaki kile kidogo, chenye maua ya uzi kwenye kisigino.

"Hicho ni changu!" nikasema.

"Shangazi, kwa mguu huo?" akaniuliza kwa upole, na waliobaki na kicheko wakakimaliza.

Akaenda kwa Notburga. Akapiga magoti mavumbini mbele ya kijiji kizima, akamvua kiatu alichovaa, akampangusa unyayo kwa kiganja, akamvisha kile cha harusi na kukifunga kamba. "Tulikuwa tumekipoteza," akawaambia watu. Bibi vizee wakajifuta machozi, kwa mapenzi waliyodhani wameyaona. Nyumba njema si mlango, lakini nani aingie ndani? Notburga alinitazama juu ya kichwa cha mumewe kilichoinama. Hakuniomba kitu, alijua nimeshindwa.

Ruprecht akamshika mkono wakaondoka. Nikamvuta Kreszenz. "Twende naye, tuwe wengi. Hatathubutu."

"Mimi?" Akanionyesha kiatu chake mkononi, kisha mumewe anayemsubiri kando ya lango. "Ottilia, mimi atanisindikiza nani?"

Nikawatazama wale wengine. Kila mwanamke alikuwa anaenda kwake na mume wake, kiatu mkononi.

Nikaenda peke yangu. Nikagonga mpaka ngumi ikavimba.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Ruprecht.

"Mimi. Fungua, nimwone mwanangu."

"Tuko mezani, Shangazi."

"Notburga! Toka nje, mama! Toka twende kwangu!"

Nikamsikia yeye, karibu kabisa na mlango, sauti imetulia. "Nenda nyumbani, Shangazi. Supu yako inaungua."

Sikuwa na supu yoyote motoni. Tangu aolewe, kila Jumapili nilikuwa nakula kwao. Nikapaza sauti, nikawaita majirani kwa majina, na madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Komeo likashuka upande wa ndani.

Walisema alianguka kutoka darini, akishusha nyasi za ng'ombe. Nilimwosha mimi, na niliyoyaona nilimweleza Padre yote, akakaa kwenye kiti kichwa mikononi, akasema atawaombea wote wawili. Kaburini Ruprecht alilia mpaka wanaume wakamshika asianguke, na njiani kurudi nikawasikia wake za watu wakisema, masikini, alimpenda mkewe.