Swichi ya Melvyn

Kila asubuhi mume wangu hutoka nje na suruali ya kulalia kwenda kukagua kufuli za gari lake. Hukagua mnyororo wa gurudumu, hutingisha kile chuma cha manjano kinachobana usukani, hutazama huku na huku barabarani, halafu hurudi ndani kunywa chai. Chai haijapoa ameshasahau, anatoka tena kukagua. Funguo za kufuli hizo ninazo mimi, zinanilia mfukoni kama za askari jela, na nimechoka. Nasema mapema kwamba nimechoka, asije mtu akadhani nasimulia habari za mwanamke mvumilivu.

Gari lenyewe ni Escort Cosworth la bluu, lenye lile bawa kubwa nyuma ambalo dada yangu Hilary huliita ubao wa pasi. Melvyn alilinunua tukiwa bado vijana, enzi ambazo wezi wa mji wetu wa Dudley walikuwa wakiyaota magari hayo usingizini. Sasa yamebaki machache, na wezi wamezidi kuyapenda. Wenye magari haya wana miiko yao. Ukitoka kwenye mkutano wao wa Jumapili huendi nyumbani moja kwa moja; unazunguka kwanza kipilefti huku jicho liko kwenye kioo, mpaka uhakikishe hakuna anayekufuata. Hupigi gari picha bila kuziba namba. Na mwiko mkubwa kuliko yote ni swichi. Kila mmoja amejifichia swichi yake ndani ya gari, na bila kuibonyeza gari haliwaki hata uwe na ufunguo. Mahali ilipo hamwambii mtu, awe fundi, awe rafiki, awe mke.

"Hasa mke," Melvyn alikuwa akisema, "maana mke ana dada."

Mimi nilijua ilipo tangu zamani. Dirisha la jikoni kwetu linatazama pale gari linapolala, na kila alipoingia nilimwona akiinamisha bega la kushoto kidogo kabla injini haijanguruma. Halafu siku moja nilikuwa nasafisha ndani ya gari, akaniambia pale chini ya siti ya dereva, upande wa handibreki, nipaache, atafagia mwenyewe. Melvyn hajashika ufagio tangu azaliwe. Nilicheka kimoyomoyo, nikapaacha. Siri yake ilimpa raha, na mimi nilipata raha ya kumzidi akili bila yeye kujua. Tuliishi hivyo vizuri tu.

Mwaka jana alisimamisha gari katikati ya kipilefti cha Sedgley, akashuka, akaanza kuuliza watu njia ya kwenda kiwandani alikostaafu zamani. Lori lilimkosakosa. Daktari akampima, akasema ugonjwa wa kusahau umeshaingia, asiendeshe tena gari lolote. Melvyn alimwitikia kwa adabu, akamshukuru, akatoka, akasahau. Kesho yake alikuwa ndani ya Cosworth, ufunguo mkononi, anapiga stata na gari halijibu. Alikuwa amesahau swichi ilipo.

"Glenda, wamelichezea hili," aliniambia.

"Nani?"

"Wezi. Wamekata waya."

"Mwizi gani anakata waya halafu analiacha gari?"

"Wanatusoma tu. Watarudi."

Nikaelewa pale pale. Swichi aliyoificha kuwazuia wezi sasa inamzuia yeye, na kazi yangu ni kufunga mdomo tu. Nilidhani ni kazi ndogo.

Nilijaribu kumficha ufunguo wa gari. Akaipindua nyumba, akapiga simu polisi kwamba ameibiwa, ikabidi niurudishe. Tangu hapo anauvaa shingoni. Nilijaribu kukataa kufungua kufuli, akaleta nyundo. Basi kila asubuhi namfungulia, anaingia, anapapasa kila mahali, anapiga stata, kimya. Kisha ananiuliza.

"Bibie, nilikiweka wapi kile kitu?"

"Sijui, mpenzi. Hukuniambia."

"Kweli, siwezi kukuambia wewe. Una dada."

Uongo huohuo kila siku, kwa mtu yuleyule, na kila siku kwake ni mpya. Kwangu si mpya hata kidogo. Kuna asubuhi aliweka paji la uso juu ya usukani, akalia. Nilikuwa dirishani na mikono yangu ndani ya povu. Sentensi moja ingemfuta machozi, na sentensi hiyohiyo ingemtia chini ya lori. Nilimchukia daktari, nikalichukia gari, na nusura nimchukie Melvyn mwenyewe. Nikaendelea kuosha vikombe.

Kilichotuchokoza ni mkutano mkubwa wa Julai, uwanjani kule Bridgnorth, ambako magari haya huja kutoka nchi nzima. Jina la mjukuu wetu limeshamtoka kichwani, lakini mkutano wa Julai haujamtoka. Lazima aende, na lazima aende na gari. Neville, rafiki yake wa tangu ujana, alikuja kutusaidia. Alitoa siti ya nyuma, akachungulia chini ya dashibodi, akatambaa mpaka magoti yakamlia, asiione swichi.

"Shemeji, huyu mtu alikuwa mchawi," aliniambia akijifuta jasho. "Basi nakuja na lori la kubebea magari. Tunalipakia, Mel anakaa mbele na mimi, anafika na gari lake. Roho yake itatulia."

Nilikubali. Mimi niliyeishi na mwenye Cosworth miaka yote hiyo, nilikubali bila kufikiri. Siku hizi magari haya huibwa hivyohivyo: linakuja lori mchana kweupe, wanashuka watu na vizibao vya kung'aa, wanalivuta gari juu, na jirani anawapungia mkono akidhani ni mafundi.

Neville alikuja na kizibao cha kung'aa.

Melvyn alikuwa anakula tosti. Aliposikia mnyororo wa lori ukikwaruza, alitazama dirishani, akasimama, akachukua kile chuma cha manjano nilichokuwa nimekifungua dakika ile na kukiweka mezani. Mpaka nifike nje, alikuwa amekaa juu ya boneti, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

"Mel, ni mimi. Nev."

"Nev namjua. Nev ana nywele."

"Nilikuwa nazo, ndugu yangu. Zimekwenda."

"Na wewe nenda. Ukiligusa gari langu navunja magoti yako."

"Shemeji, mshike basi."

"Mshike wewe," nilimwambia. "Wewe ndiye umekuja kuiba."

Majirani walikuwa wametoka. Melvyn alikuwa amekishika chuma kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona kwake. Alikuwa peke yake dhidi ya wezi, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa wezi. Hapo nilishindwa. Sikutaka kuwa na akili tena, wala kuwa mlinzi. Nilimsogelea, nikanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo. Tulitoe hapa wasilichukue."

Alinitazama. "Unajua kuendesha?"

"Najua."

Akauvua shingoni, akanipa. Sikuwahi kukaa kwenye siti ile hata siku moja. Nikakaa, nikainamisha bega la kushoto, nikaingiza kidole chini ya zulia. Kitu kidogo kikabonyea. Nikapiga stata na Cosworth likanguruma mpaka vioo vya jikoni vikatikisika. Neville alibaki mdomo wazi. Melvyn alishuka kwenye boneti, akazunguka, akaingia upande wa abiria, akafunga mkanda.

Nililizimisha gari njiani mara kadhaa, klachi yake ni ngumu kama roho ya mwenyewe, lakini tulifika Bridgnorth, Neville nyuma yetu na lori tupu. Kutwa nzima Melvyn alisimama kando ya bawa akiwaeleza watu habari za injini, bila kukosea. Alikuwa na furaha. Nilinunua chipsi, tukala tumeegemea mlango, na ilikuwa zamani sana tangu nikae mahali bila kumchunga.

Wakati wa kurudi, tulipofika kipilefti cha Sedgley, akanigusa mkono. "Zunguka."

Nikazunguka.

"Tena."

Watu wakatupigia honi. Yeye alikuwa amegeuka nyuma, anakagua. "Hakuna mtu," akasema, akatulia.

Nyumbani niliegesha mahali pake, injini bado inaunguruma. Melvyn aliniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Unaendesha si vibaya," akasema. "Swichi nani alikuonyesha?"

"Niliona tu."

"Haionekani ile. Anayeijua ni mmoja tu, mke wangu."

Nikamwambia nilivyosikia mimi, mke haambiwi.

"Haambiwi. Wala sikumwambia." Akanisogelea, akashusha sauti. "Yule husimama pale dirishani akiosha vyombo. Nikawa nainama taratibu, makusudi, aone. Bado nikaona hajaelewa. Nikamwambia asifagie hapo, nitafagia mwenyewe. Mimi huyu, nifagie." Akacheka mpaka akakohoa. "Siku nikianguka, lazima abaki mtu anayejua. Lakini yeye anadhani amenizidi akili, na anafurahi. Usimwambie, tafadhali. Itamuuma."

Nikamwahidi. "Sitamwambia."

Aliendelea kulitazama dirisha la jikoni, mikono yake magotini.

"Leo hayupo," akasema. "Tumsubiri kidogo."

Nikazima gari, tukakaa kumsubiri.