Meli Haigeuki Kama Teksi

Saliha alikataa katakata kuiongezea meli yake mwendo. Alikuwa ameutengeneza mchezo ule kwenye kompyuta ya baba yake mdogo, Massoudi, dukani mtaa wa Buyenzi, kila wateja wa fotokopi walipopungua. Ulikuwa mchezo wa vita vya zamani, Wabelgiji na Wajerumani wakipigana kwenye Tanganyika, ziwa lile lile lililo mwisho wa barabara. Meli ilitaka makaa kwanza, mvuke ujae, ndipo isogee. Kombora liliruka, likakawia, likaangukia majini.

"Meli gani inazubaa hivi?" alifoka Chabani, dereva wa teksi. "Hata gari yangu, na moteri imekufa, inaipita!"

"Meli si teksi, Chabani."

"Basi mi naenda." Akainuka, lakini akaishia mlangoni.

Massoudi alitikisa kichwa. "Saliha, mwanangu, diski imejaa na kazi za watu zinangoja. Kama mpaka Alasiri hakuna mutu ameshinda vita yako, ninaifuta."

Kwenye kompyuta akakaa Térence, mwanafunzi wa mtaa wa Musaga aliyekuwa akingoja fotokopi zake. Tangu milio ya risasi ianze milimani juu ya mtaa wao, watu wa Musaga walimaliza shughuli na kuondoka mapema. Huyu alibaki. Alishika usukani vizuri, akasahau makaa. Meli ikafa katikati ya ziwa, adui anakuja.

"Makaa, we! Makaa!" walipiga kelele nyuma yake. Buyenzi ndivyo ilivyo: mmoja akicheza kwa mikono, kumi wanacheza kwa mdomo. Waridi, muuza sambusa, hakuvumilia. Alipitisha mkono juu ya bega la Térence akabonyeza mwenyewe.

"Toa mukono, mama!"

"Apana! We shika usukani, moto niachie mi. Nimekaanga tangu asubuhi, utanifundisha moto?"

Watu wakacheka. Saliha hakucheka. Muda wote ule alikuwa ameiweka meli nzima mikononi mwa mtu mmoja, naye hajawahi kuona mtu wa Buyenzi akifanya jambo peke yake. Akavuta benchi.

"Térence, usukani. Mama Waridi, moto. Chabani, rudi hapa, shika mzinga!"

Mwendo hakuugusa.

Watu watatu wakabanana kwenye kibodi moja.

"Mvuke?"

"Unakuja, usinisukume!"

Meli ikageuka pole pole, na uzito wake wote. Chabani alingoja, jasho linamtoka, akafyatua. Kombora likapaa. Likaipiga. Meli ya Wajerumani ikainama upande, ikazama taratibu, na hakuna aliyelalamika kwamba inakawia.

Adhana ya Alasiri ikasikika. Massoudi alisimama mlangoni, kofia mkononi, watu wakijazana kuchungulia.

"Nani ameunda hii?" mmoja aliuliza.

"Mtoto wa kaka yangu," Massoudi alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili. "Hapa hapa, kwa mashine yangu. Saliha! Futa barua zangu za zamani, zote. Meli yako ipate nafasi."